Damu Kaidi ya Namba Thelathini na Moja

“Miezi yote hiyo unakaa sebuleni kwangu, unakunywa chai yangu, kumbe unajua nina ugonjwa.”

“Nani kakwambia una ugonjwa?”

“Hao hao wa kazini kwako. Wamepiga simu jana, na mimi nimeifungulia sauti kwa sababu mikono imeshika kitambaa. Wateja wote wanasikia. Eti njoo upesi, damu yako ina jambo. Haya, wewe unayeshinda nayo, niambie. Ina jambo gani?”

Ni saa moja asubuhi, na maneno haya yanapanda na kushuka katika ngazi za jengo la ghorofa tatu. Anayeuliza ni fundi cherehani wa mlango wa chini, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Anayeulizwa amesimama hatua chache juu yake, koti zito la sufu mkononi, ingawa jua la leo limeamka na hasira zake. Majirani wanamwita Mama Barafu, na habari hii ni yake.

Mlango wa ghorofa ya kati uko wazi kidogo, kiasi cha sikio moja kupita. Hatimaye mwenye sikio anajitokeza mzima: mwalimu mstaafu, mama mtu mzima, ameshika ufagio ambao hana nia ya kuutumia.

“Mwacheni mwenzenu aende kazini,” anasema, kana kwamba wanaogombana naye ni kundi. “Ugomvi wa asubuhi unafukuza wateja.”

“Wateja gani, mwalimu? Tangu jana wananiangalia kama naweza kuwaambukiza kwa uzi.”

Mama Barafu anajaribu tena. Anasema hajui lolote kuhusu simu hiyo. Anasema kule maabara damu haina jina, ina namba tu.

Fundi anacheka, kicheko kisichofika machoni. “Namba. Tumezikiana wazazi, tumeleleana watoto, leo nimekuwa namba.” Anaingia ndani, na pazia linafuata nyuma yake.

Kwa watu wa jengo hili, ambao wakiishiwa chumvi hawajui dukani ni wapi, hilo si jambo dogo. Wawili hawa ni chanda na pete. Ukimkosa mmoja kwake, hupigi simu, unakwenda kugonga kwa mwenzake.

Mama Barafu ni fundi wa maabara katika taasisi ya utafiti, umbali wa kutembea kutoka hapo. Jina amelipata kwa sababu ya chumba anachofanyia kazi, chumba kizima kinachopoozwa kama friji, chenye mlango mzito na rafu za chuma. Humo hushinda na koti, soksi mbili mbili na kofia ya kufuma. Akirudi nyumbani siku za joto, watoto wa jengo humkimbilia awashike mashavu.

“Wageni wakiona nguo zake kambani,” anasema mwalimu, “huniuliza kama tumepangisha mtu aliyetoka ncha ya dunia.”

Kazi yenyewe haielezeki kwa pumzi moja, lakini Mama Barafu amezoea kuieleza, maana hakuna msiba wala harusi ambayo hajaulizwa. Anachoshughulika nacho ni ngozi ya seli, ile ambayo wasomi huiita utando.

“Watu wakisikia seli, mawazo yanakwenda ndani,” anasema. “Mimi ya ndani sina habari nayo. Mimi ni wa ngozi. Ngozi yenyewe ni mafuta, nyembamba huwezi kuiona. Na ndani ya hayo mafuta wamekaa hawa.”

“Hawa” ni protini. Huzitaja kama watu, tena watu anaowafahamu vizuri. Kuna walinzi wa mlango, anasema, wanaoamua chumvi gani iingie na ipi itoke. Kuna wapagazi. Na kuna walioshikana mikono chini ya ngozi ya seli nyekundu za damu, ili seli ikijipenyeza kwenye mshipa mwembamba ipinde bila kupasuka. Hao ndio anaowatafuta.

Taabu ni kuwatoa. Wamezoea mafuta yao, na ukiwatia kwenye maji matupu hujikunja na kugandana, kazi ikaishia hapo. Kwa hiyo hutolewa kwa sabuni, si ya kufulia bali sabuni laini ya maabara, inayopimwa kwa matone.

“Ukitia kidogo, hawatoki. Ukizidisha, wanakufa. Na ukitikisa kichupa mpaka kikatoa povu, basi, tanguliza pole.”

Kwa sababu ya povu hilo, maabara ile ina desturi inayowashangaza wageni wote. Mtu aliyeshika kichupa hasalimiwi, na akisalimiwa hajibu. Anapita kama hakuoni. Akishakiweka kwenye barafu, ndipo anageuka na kukusalimu vizuri, na habari za nyumbani juu yake. Mkuu wa maabara ndiye aliyeianzisha, baada ya kijana mmoja kuitikia salamu kwa furaha na kuikung’uta kazi ya wiki nzima. Mkuu huyo vijana humwita Mzee Polepole, na anajua.

Mama Barafu aliingia pale kama mwosha vyombo vya kioo, akapelekwa chuo cha ufundi, akarudi na cheti. Mshahara haujawahi kumnenepesha, kwa maneno yake mwenyewe, lakini umesomesha. Mumewe, fundi umeme, amekubali zamani kwamba mke wake anawajua watu wengine asioweza kumtambulisha.

Mwaka jana taasisi ilitafuta watu wazima wenye afya wa kujitolea damu kidogo, ili ngozi za seli zao zilinganishwe. Mabango yalibandikwa, watu wakayapita. Mama Barafu akapanda na kushuka ngazi za jengo lake, mlango kwa mlango, akielezea. Karibu jengo zima lilikwenda.

“Hawakuifuata taasisi,” anasema. “Walifuata uso wangu.”

Damu ilitolewa, ikapewa namba, majina yakafungiwa ofisi nyingine ambako hata Mzee Polepole haruhusiwi kuchungulia. Ndivyo utaratibu ulivyo, ili pasiwe na mtu wa kusimulia ya mwenzake. Miezi ikapita. Hakuna aliyerudi kuwaambia watoa damu chochote.

Huko chumba cha baridi, kazi ilikwenda vizuri kwa namba zote isipokuwa moja. Thelathini na moja. Kwa wengine sabuni ilipoingia, protini zilitoka salama. Kwa huyu, zilikuwa zimeshikana kwa nguvu isiyo ya kawaida, na zikivutwa zinachanika. Mama Barafu alibadili sabuni, akapunguza, akangoja zaidi. Akiba ya damu ile ikaisha bila jibu.

Jioni, mtu aliyechoshwa na kazi huenda kwa rafiki yake. Akaenda kwa fundi cherehani, akaketi, akapewa chai, akatoa ya moyoni.

“Kuna moja hiyo, sijui imeumbwa na nini,” alimwambia siku hiyo, na siku nyingine, na nyingine tena. “Kaidi. Wenzake wote wanatoka kwa heshima, yeye anang’ang’ania.”

“Basi na mwenyewe atakuwa hivyo hivyo,” fundi alijibu, sindano mdomoni. “Maskini mume wake.”

Wakacheka wote wawili.

Sasa turudi kwenye asubuhi ile ya ngazi. Mama Barafu anafika kazini, anavaa koti, na Mzee Polepole anamkuta mlangoni kwa habari mbaya.

“Thelathini na moja hataki kuja,” anasema. “Ofisi imempigia jana jioni kumwomba damu nyingine. Amekata simu.”

Aliyepiga simu, inaeleweka sasa, alikuwa amekatazwa kutaja matokeo yoyote kwenye simu. Akaona njia salama ni kusema machache. Na machache yale, “damu yako ina jambo”, yakawa mengi kuliko yote.

Simu hiyo Mama Barafu ametoka kuisikia asubuhi kwenye ngazi. Anakaa juu ya sanduku la barafu. Anakaa muda mrefu kuliko mtu mwenye akili timamu anavyopaswa kukaa juu ya barafu.

“Mwaka mzima,” anasema leo, akikumbuka, “nimemsengenya mtu mbele yake, naye ananisaidia.”

Kicheko kinakuja, lakini kinakuja baadaye. Asubuhi ile anachofikiria ni kingine. Mama mzazi wa fundi alifariki kwa kupungukiwa damu baada ya kujifungua mtoto wa mwisho, na fundi, aliyekuwa msichana mkubwa, ndiye aliyebaki na kichanga. Ukitaja ugonjwa wa damu mbele yake, mguu unasimama kwenye cherehani. Usiku ule aliopigiwa simu hakulala. Mumewe alimkuta akikata vitambaa vya watoto kwa kupanga, huyu wa rangi hii, huyu wa rangi ile, kama anayegawa.

“Nilikuwa sishoni,” fundi mwenyewe anasema. “Nilikuwa naaga.”

Mama Barafu anamwomba mkuu wake mambo mawili. Simu zikome. Na huyo thelathini na moja aitwe aonane na daktari wa taasisi ana kwa ana, kisha aoneshwe damu yake inafanywa nini.

Mzee Polepole hapendi. Chumba cha baridi si cha wageni, na siri ya mtoa damu ni siri.

“Siri ni ya mwenye damu,” Mama Barafu anamjibu, “na yeye ameshaitangaza kwenye ngazi.”

Mzee anafikiri kwa mwendo wake wa siku zote. Anakubali.

Kumleta fundi ni kazi nyingine, maana hazungumzi naye. Anatumwa mwalimu, aende kama mshenga. Mwalimu anashuka na maneno matamu, anakaa kwa fundi hadi alasiri, na anapanda na jibu: atakuja, ila si kwa sababu ya Mama Barafu. Atakuja ajue lake. Na mwalimu atamsindikiza.

“Ningekaa nyumbani nisubiri kusimuliwa?” anauliza mwalimu. “Mimi?”

Siku ya pili yake wanawake wawili wanaingia maabara, wamevaa kama wanaokwenda kuposa. Fundi anasalimia mlangoni, kwa sauti ya mtu aliyelelewa. Kijana mwenye kichupa anampita bila neno. Anasalimia tena. Msichana mwenye vichupa viwili anatazama mbele na kwenda zake.

“Mwalimu, tumekuja kwa watu gani hawa?” anauliza.

Ndipo Mama Barafu anatokea kutoka chumba cha baridi, kofia hadi nyusi, kichupa mikononi kama yai. Macho yao yanakutana. Fundi, kwa kiburi chote alichokuja nacho, anashindwa kunyamaza. “Habari za kazi,” anasema.

Mama Barafu anapita kimya.

Mwalimu anasema hapo ndipo aliposikia moyo wa mwenzake ukivunjika, na mwalimu si mtu wa kutia chumvi, au angalau si siku zote. Fundi alikuwa ameshageukia mlango.

Mama Barafu anafika kwenye ndoo ya barafu, anakizamisha kichupa taratibu, anavua glovu. Kisha anageuka. “Nzuri, dada yangu. Za nyumbani? Umelala salama? Baba watoto hajambo?” Na kila aliyekuwa amewapita, akishaweka chake, anakuja kwa zamu kutoa mkono na kuuliza hali, mpaka fundi anajikuta katikati ya salamu kama bibi harusi, anaelezwa desturi ya pale, na anaanza kucheka bila kutaka.

Daktari wa taasisi anamchukua chumba cha pembeni. Fundi anataka mwalimu awepo. Daktari anamuuliza habari za mama yake, anasikiliza mpaka mwisho, anamwambia kuvuja damu wakati wa uzazi si kitu anachorithishwa mtu kwa namna aliyokuwa akiogopa. Kisha anasema lile lililomleta.

“Huumwi. Kiasi cha damu yako ni kizuri kuliko changu. Tulichokiona ni kwamba ngozi ya seli zako nyekundu imekaza kuliko za wengine. Umeishi nayo umri wote bila shida. Kwa nini iko hivyo, hatujui. Ndicho tunachotaka kukijua, na hatuwezi bila wewe.”

Fundi anautazama mkono wake, pale mishipa inapoonekana.

“Kwa hiyo nimekaza,” anasema.

“Umekaza.”

“Hilo,” mwalimu anaingilia, “sisi wa jengo tungewaambia bure.”

Wanapomrudisha, Mama Barafu anamvika koti la akiba na kumwingiza kwenye baridi. Anamwonesha rafu. Vichupa vimesimama safu kwa safu, kila kimoja na namba juu ya kifuniko, basi. Fundi anasogeza uso. Anatafuta jina lake, au la mwalimu, au la yeyote. Hakuna. Anapita na kidole hewani, bila kugusa, mpaka mwisho wa rafu.

“Na hapa nilikuwa nani?”

“Thelathini na moja.”

Mashine ya kupooza inanguruma juu yao.

“Yule kaidi,” anasema fundi.

“Yule kaidi.”

“Wa ‘maskini mume wake’.”

“Hilo ulisema wewe,” anajibu Mama Barafu. “Mimi nilisema kaidi tu.”

“Ulisema pia sijui nimeumbwa na nini.”

“Nilikuwa nimechoka.”

Waliokuwa nje wanasema walisikia kishindo, wakadhani rafu imeanguka. Ilikuwa ni hao wawili, wameegemea mlango wa chuma kwa kicheko. Mume wa fundi, tangu asimuliwe, hucheka peke yake hata akiwa anakunyoa. Kazi yake ni kinyozi, na wateja wanalalamika.

Kabla ya kutoka, fundi anaomba aelezwe kile kinachochanika. Mama Barafu anamweleza kwa sabuni na mafuta. Fundi anasikiliza, vidole vikishika pindo la koti la watu.

“Ni kama tundu la kifungo,” anasema. “Ukilikata ulitoe kwenye shati, unabaki na nyuzi. Lazima litoke na kitambaa chake pembeni.”

“Ndivyo tunavyotaka kujaribu kwako,” anasema Mama Barafu, na anamwonesha chupa mpya iliyokuwa ikisubiri. Dawa yake haiziondoi protini kwenye mafuta. Inazikata pamoja na kipande kidogo cha ngozi kuzizunguka, zitoke na kitambaa chao. Kwa namba nyingine haikuhitajika. Kwa huyu, ndiyo tumaini pekee lililobaki.

Fundi anakunja mkono wa gauni. Lakini hajamaliza.

“Damu nitatoa. Namba mwendelee nayo, nimeielewa. Ila jibu linifikie mlangoni kwangu, kwa mdomo wa mtu, liwe zuri au baya. Lisije kwa simu.”

Mzee Polepole, aliyekuwa amesimama nje akijifanya anasoma kipimo cha joto ukutani, anasema hilo ni haki yake. Anasema pia kwamba ni aibu kuwa amelazimika kuliomba.

Damu hiyo Mama Barafu anaishughulikia mwenyewe. Anaizungusha mpaka seli zizame, anaziosha kwa maji ya chumvi, kisha anazitia katika maji baridi yaliyopunguzwa chumvi, zinavimba na kupasuka. Wekundu unatoka. Anaosha tena, na tena, mpaka kilichobaki chini ya kichupa kinakuwa cheupe kama maziwa mepesi. Hiyo ndiyo ngozi tupu. Hapo anatia dawa mpya, tone kwa tone, na kungoja, maana kungoja ni nusu ya ufundi huu.

Mwisho, vyote hupitishwa kwenye mashine inayochora mstari kwenye kioo. Protini zilizogandana hutoka mwanzo, kwa lundo, na mstari hupanda ovyo. Zilizo salama hutoka baadaye, na mstari hupanda mlima mmoja, mwembamba, kisha hushuka. Kwa thelathini na moja, Mama Barafu hajawahi kuona kingine zaidi ya lundo.

Jumamosi mchana mstari unatambaa. Lundo halipo. Mstari unaendelea kulala, unalala mpaka kijana wa pembeni anaanza kunong’ona kwamba labda hakuna kitu kabisa. Kisha unainuka. Mlima mmoja.

Hakuna anayepiga kelele. Mama Barafu anakichukua kichupa kilichokinga matone ya mlima huo, anakipeleka kwenye barafu, na wote wanangoja akiweke ndipo wampe hongera.

Anapoulizwa anachotarajia sasa, hataji tuzo wala cheo. Anajua safari ya thelathini na moja bado ndefu. Wataalamu wa kupiga picha za vitu vidogo kiasi hicho watahitaji muda, pengine miaka, kuona protini hizo zimeshikana vipi. Mpango wake ni wa karibu zaidi. Ameomba, na Mzee Polepole amekubali, kwamba kila mtoa damu arudishiwe neno, na kwa anayependa, aje aone rafu. Atakayewapitia mlango kwa mlango ni yeye mwenyewe.

“Niliwatoa majumbani kwao kwa uso huu,” anasema. “Siwezi kuuficha kwenye baridi.”

Anaanza siku hiyo hiyo. Anateremka kutoka kazini, anaingia kwenye jengo, anasimama mbele ya pazia la mlango wa chini na kubisha hodi, jambo ambalo hajalifanya hapo tangu ahamie. Ndani kunasikika sahani na sauti ya mwalimu.

Pazia linavutwa. Fundi anamtazama usoni, anasubiri.

“Imetoka nzima,” anasema Mama Barafu.

“Nzima?”

“Nzima. Na kitambaa chake.”

Fundi anasogeza pazia kabisa. “Na kwa nini imekaza, mmejua?”

“Bado. Yaweza kuchukua miaka.”

“Miaka tupo,” anasema fundi. Anageuka ndani. “Mwalimu, sogea huko umpishe mtu.” Kisha anamgeukia tena aliye mlangoni. “Na wewe unabisha hodi umekuwa karani wa kodi? Maji ya kunawa hayo hapo. Njoo ule, chakula kinapoa.”